Funguo za Gita Lako Hazina Kosa

"Fundi, gita langu jipya halikai kwenye tyuni. Niweke funguo gani?"

Swali hili huja likiwa limebeba jibu lake, na jibu lenyewe ni baya. Mwenye gita amekwisha kuamua, kabla hajagusa kitu, kwamba zile funguo sita za kichwani zinateleza. Wengine hufika na funguo mpya mkononi, zile za kubana uzi kwa skrubu, wamezilipia fedha ambayo ingenunua seti kadhaa za nyuzi nzuri. Wanachotaka ni nipanue matundu nizifunge. Nikikataa wananuna. Nikiwakubalia watarudi wiki ijayo na malalamiko yaleyale, na kichwa cha gita kitakuwa kimeshatobolewa bure.

Ufunguo wa gita la umeme una skrubu inayosukuma gurudumu lenye meno, na gurudumu hilo ndilo linalozungusha kijiti kilichobeba uzi. Nguvu inapita upande mmoja tu. Ukizungusha kichwa cha ufunguo, kijiti kinazunguka. Uzi ukikivuta kijiti, kichwa hakirudi, kwa sababu msuguano kati ya skrubu na meno unakizuia. Jeki ya skrubu hubaki imeinua gari usiku kucha kwa sababu hiyohiyo. Na mzigo wenyewe hapa ni mdogo: katika seti ya kawaida ya kipimo cha 10, kila uzi unavuta kwa kilo saba au nane hivi, nyingine zaidi kidogo. Funguo za bei ya chini zinaubeba mzigo huo vizuri kabisa. Zinaweza kuwa nzito kuzungusha, au zikalegea kidogo kabla meno hayajashikana, lakini kuteleza zenyewe usiku gita likiwa ukutani, hapana.

Wasioamini maneno waamini hesabu. Gita la muundo wa Stratocaster lina uzi wa urefu wa milimita 648 kati ya kidaraja cha kichwani na daraja la mwilini. Uzi wa tatu, ule wa chuma kitupu wa kipimo cha 17, ukilegea kwa takriban sehemu moja ya tano ya milimita, sauti yake imeshuka nusu toni nzima. Kwa ufunguo wa uwiano wa 14 kwa 1, wenye kijiti cha unene wa milimita sita hivi, kulegea huko ni sawa na kurudisha kichwa cha ufunguo digrii 50. Hakuna mwenye macho atakayekosa kuziona digrii 50. Basi chora mstari wa kalamu unaoanzia kwenye shina la ufunguo na kuishia kwenye ganda lake, kisha piga gita saa nzima. Tyuni ikiharibika, tazama mstari. Utaukuta ulipouacha.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pa kutafuta. Sehemu ya tano ya milimita inaweza kujificha popote uzi unapopinda, unapokwaruza au unapojizungusha. Na katika gita jipya, mahali pa kwanza pa kushuku ni kidaraja cha kichwani, kile kipande cheupe cha plastiki au mfupa chenye mifereji sita. Kiwandani mifereji hiyo hukatwa haraka, na hukatwa kwa nyuzi ambazo gita hutoka nazo. Stratocaster nyingi hutoka na seti ya 9 hadi 42. Mnunuzi akifika nyumbani anasikia kwamba wapigaji wa kweli hutumia 10 au 11, anabadilisha, na tayari amezikaba nyuzi nene katika mifereji myembamba. Ukikaza ufunguo na kusikia "tik", sauti ikaruka ghafla badala ya kupanda taratibu, umemkuta mhalifu wako.

Lipo jaribio lisilohitaji kifaa. Tyuni gita, kisha uvute uzi wa tatu kwa kidole kama unavyofanya kwenye solo, uachie. Umeshuka? Bonyeza uzi huo nyuma ya kidaraja, katikati yake na ufunguo, halafu upige tena. Ukirudi ulipokuwa, maana yake ni kwamba uzi ulivutwa kuja upande wa kupigia ukanasa kwenye mfereji, nawe umeutoa kwa kidole. Ufunguo haukuguswa. Nimelionyesha jaribio hili kwa watu waliokwisha kununua funguo, na kimya kinachofuata kinaniuma, maana fedha yao haitarudi.

Wenye magita ya muundo wa Les Paul hulalamikia uzi wa tatu kuliko wengine, nao wana sababu. Kichwa cha magita hayo kimelala nyuma, kwa kawaida digrii 17 kwenye magita ya Gibson, na funguo ziko tatu kila upande. Uzi wa tatu na wa nne, ukishatoka kwenye kidaraja, unapinda chini na kupinda pembeni kwa pamoja, ukiusugua ukuta wa mfereji. Funguo mpya, ziwe za gharama gani, zitakaa mahali palepale na kuupindisha uzi vilevile.

Mkono wa tremolo ni habari nyingine. Tangu Stratocaster ilipotoka mwaka 1954, daraja lake limekuwa mizani: nyuzi zinavuta mbele, springi za mgongoni zinavuta nyuma. Ukikaza uzi mmoja, daraja linainuka kidogo na nyuzi nyingine tano zinashuka. Asiyejua hilo anatyuni wa kwanza, anakuta wa sita umeshuka, anautyuni wa sita, wa kwanza nao umehama, naye analaani funguo. Unatakiwa kuzipitia zote mara kadhaa mpaka mizani itulie. Wapigaji wengi wa dansi na rumba ninaowahudumia hawaugusi mkono huo hata mara moja. Hao ninawashauri waukomeshe kabisa: kaza skrubu mbili zinazoshikilia springi mpaka sahani ya daraja ilale kwenye mwili wa gita, kisha tyuni upya.

Sasa tiba, kwa haraka. Nyuzi mpya zinyooshe kwa mkono, uzi mmoja mmoja, uvute, utyuni, uvute tena, mpaka zisishuke. Zungusha uzi kwenye kijiti mara mbili au tatu, mizunguko ikishuka chini bila kupandana. Tyuni kwa kupanda; ukipita noti, shuka chini yake kisha upande tena. Paka risasi ya penseli kwenye mifereji ya kidaraja, wala si mafuta ya kupikia wala Vaseline, maana hayo hunasa vumbi. Mfereji ukibaki mwembamba, mpe fundi mwenye tupa za kazi hiyo, kwa sababu ukiukata mno uzi utagonga freti. Kaza nati za funguo kichwani. Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda ukumbi wa wazi, liache gita lizoee joto kabla ya kutyuni, kwa kuwa chuma kikipata joto hurefuka. Acha kulegeza nyuzi kila usiku eti shingo ipumzike. Shingo imetengenezwa kubeba mvutano huo, na kila ukilegeza unaanza upya kazi ya kuzituliza.

Funguo za kubana zina faida moja ya haki: uzi ukikatika jukwaani unaubadilisha upesi, bila mizunguko mingi kwenye kijiti. Anayezihitaji kwa hilo azinunue. Ufunguo uliopinda shina au uliovunjika meno nao ubadilishwe, huo mmoja.

Na nyinyi wenye maduka: kabla gita halijatoka mlangoni, nyoosheni nyuzi, pitisheni penseli kwenye mifereji, na mwambieni mnunuzi ni nyuzi za kipimo gani zimefungwa. Ni kazi ya dakika chache kwa kila gita.