Tuchangishe kwa Simu, Tusivunje Heshima ya Yatima
Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, sanduku la sadaka limehamia kiganjani. Taasisi zetu sasa huchangisha kwa WhatsApp, na shilingi elfu moja hufika kabla adhana haijakwisha. Hilo ni jema. Linalotusikitisha ni picha za yatima wanaolia, nyuso wazi, zikisambazwa ili mioyo ilainike. Kesho mtoto huyo ataketi darasani na walioziona. Suratul Baqara, aya ya 264, inatukanya tusibatilishe sadaka kwa masimango na udhia. Tuonyeshe paa linalovuja, bei ya mabati, na namba iliyosajiliwa kwa jina la taasisi. Kisha tutoe hesabu palepale tulipoombea. Uaminifu huchangisha kuliko machozi.