Jua la Garissa: Umeme Kiasi Gani, kwa Gharama Gani?

Mwezi wa Desemba 2019, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alifungua mitambo ya umeme wa jua karibu na mji wa Garissa. Mabamba yake yazidi 200,000, na nguvu yake ni megawati 50. Zikaenea habari mbili: wengine walisema umeme huo utatosha nyumba 625,000, wengine nyumba 70,000. Jua ni moja na mitambo ni ile ile. Basi imekuwaje hesabu zikapishana karibu mara tisa? Vijana wanaosoma hesabu shuleni na wachukue kalamu, tuitafute kweli pamoja.

Kwanza tufahamu kuwa megawati ni kipimo cha nguvu, si cha umeme uliokwisha kupatikana. Hata ukijua upana wa mfereji, hujajua maji yaliyoingia pipani mpaka uulize umefunguliwa kwa muda gani. Megawati 50 ni kilowati 50,000. Lau zingefanya kazi usiku na mchana mwaka mzima, zingetoa uniti milioni 438. Makadirio ya Garissa ni uniti zipatazo milioni 76 tu, yaani kama sehemu moja katika sita.

Zilizobaki zimekwenda wapi? Usiku umechukua nusu. Asubuhi na jioni jua hupiga kwa upande, na mawingu na vumbi nayo hula sehemu yao. Tena liko jambo ambalo wengi hawalidhani: bamba hupenda mwanga, wala halipendi joto. Likipata moto adhuhuri, sehemu ya kumi ya nguvu yake yaweza kupotea. Na joto la Garissa kila aliyepita huko analijua.

Ama gharama, kujenga kulichukua shilingi za Kenya zipatazo bilioni 13.7, zilizokopwa katika Benki ya Exim ya China. Mabamba hukadiriwa kufanya kazi miaka 25. Ukigawa, uniti moja yaangukia kama shilingi 7. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mwenye fedha yake mkononi. Mabamba huchakaa kidogo kila mwaka, walinzi na mafundi hulipwa mishahara, na deni hulipwa pamoja na riba yake. Kwa kuwa jua halinunuliwi kama mafuta, karibu gharama yote hutangulia siku ya kwanza, na hapo ndipo riba inapoipandisha bei. Mwenye kukutajia bei ya umeme wa jua asikutajie masharti ya deni amekupa nusu ya habari.

Sasa turudi nyumbani. Uniti milioni 76 zikigawiwa nyumba 625,000, kila nyumba yapata kama uniti 10 kwa mwezi: taa chache, simu na redio. Jokofu halimo. Zikigawiwa nyumba 70,000, kila moja yapata kama 90, na hapo mama aweza kugandisha barafu na kupiga pasi kanzu za Ijumaa. Mmoja amekadiria nyumba ya taa, mwingine nyumba ya jokofu, na gazeti halikutueleza ni ipi. Nawe ukitaka kununua mabamba ya paa lako, muuzaji akikutajia wati, mwulize ni uniti ngapi kwa siku.

Na saa ya daku je? Mitambo ile ilijengwa bila betri za kuwekea akiba. Taa ya jikoni wakati huo huwashwa na umeme wa kwingineko, kama ule wa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Ziwe nyumba 625,000 au 70,000, hakuna hata moja ipatayo jua la Garissa mpaka kupambazuke.