Lapi ya Ex-UK Imekataa Waifai na Sauti? Kabla Uiuze Bei ya Kutupa, Soma Hii Kwanza

Umeshuka tao, ukapiga raundi Luthuli hadi Moi Avenue, ukaangukia HP EliteBook ya ex-UK kwa bei ya kuelewana. Ama umerithi lapi ya cuzo aliyeomoka. Ukapigiwa Windows fresh, ukaibeba hadi kwa keja, ukaiwasha. Hapo ndipo vituko vinaanza. Waifai haionekani. Sauti hakuna. Maandishi kwa skrini ni makubwa kama ya bango la kampeni. Ukiuliza, unaambiwa "bodi imechomeka hiyo, leta nikupee kitu kidogo nitoe spea."

Tulia kwanza, msee. Mara nyingi hakuna kitu kimechomeka. Kinachokosekana ni draiva, na draiva hupatikana bure ukijua pa kuangalia.

Draiva ni nini?

Sio yule wa mathree. Ndani ya lapi kuna chipu ya waifai, ya sauti, ya kamera na kadhalika, na kila moja ina lugha yake. Windows haizijui lugha zote hizo. Draiva ni programu ndogo inayokaa katikati kama mkalimani. Bila hiyo, chipu iko hapo nzima kabisa, lakini hakuna anayeielewa.

Shida ni kwamba mkalimani huandikwa na kampuni iliyotengeneza chipu ama lapi, na kampuni haziandikii mashine kuukuu milele. EliteBook 8470p, kwa mfano, ilitoka 2012, enzi za Windows 7. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Nayo Windows 11 kirasmi inataka TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia Core za kizazi cha 8. Kwa hivyo lapi nyingi za ex-UK zimebaki katikati: mashine bado iko na nguvu, lakini wakubwa wameshasonga mbele.

Kwanza jua kama ni draiva ama kifaa kimekufa

Bonyeza kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, kisha chagua Device Manager. Utaona orodha ya vitu vyote vilivyo ndani ya lapi. Sasa angalia rada iko aje:

Kuna alama ya njano na kifaa kinaitwa "Unknown device", ama ukikifungua unasoma Code 28. Hiyo ni habari njema. Lapi inakiona kifaa, ni draiva tu hakuna.

Kuna Code 10 ama Code 43. Draiva iko lakini kifaa kimekataa kuanza, ama kimeripoti shida. Pengine draiva sio yake, pengine kifaa ni kigonjwa. Jaribu draiva nyingine kabla ya kukata tamaa.

Kifaa hakionekani kabisa. Hapo angalia kama kimezimwa. Lapi nyingi za zamani zina kitufe cha kuzima waifai, kwa kibodi ama pembeni. Ingia pia kwa BIOS (HP nyingi ni F10 wakati wa kuwaka, Dell ni F2, ThinkPad ni F1) uone kama imezimwa huko. Ikikosekana hata hapo, sasa unaweza kumwita fundi.

Utapataje intaneti na waifai ndiyo imekataa?

Simu yako inatosha. Chomeka kwa lapi na waya ya USB, ingia kwa mipangilio ya simu na uwashe USB tethering. Windows 10 kwa kawaida huikubali simu ya Android bila maswali, na unapata neti hapo hapo.

Lakini chunga bando. Windows ikiona neti huanza kuvuta masasisho kama ng'ombe aliyeona maji. Tafuta draiva ya waifai kwanza, chomoa simu, hizo zingine umalizie penye waifai ya bure. Ama shusha faili ukiwa cyber, zibebe kwa fleshi.

Hatua ya 1: Iulize Windows yenyewe

Fungua Settings, nenda Windows Update, kisha utafute "View optional updates" na ufungue Driver updates. Watu wengi hawajui draiva zingine hukaa hapo zikingoja uzitiki mwenyewe. Kwa lapi nyingi, hatua hii pekee inarudisha nusu ya vitu.

Hatua ya 2: Nenda kwa mwenye lapi

Usitafute "draiva ya HP" hivi hivi. Tafuta modeli kamili. 8460p na 8470p zinafanana kama mapacha, lakini sio kitu kimoja. Angalia stika iliyo chini ya lapi ama chini ya betri. Kama stika imefutika, andika msinfo32 kwa sehemu ya kutafuta ya Windows na utaiona modeli hapo. Dell wana Service Tag ya herufi na nambari 7, ambayo ukiiweka kwa tovuti yao unapelekwa moja kwa moja kwa mashine yako.

Wengi hukwama hapa. Wanachagua Windows 10, wanaona ukurasa mtupu, wanafunga. Usifunge. Badilisha pale pa kuchagua Windows uweke 8.1 ama 7, halafu uangalie tena. Draiva nyingi za Windows 7 na 8.1 hukubali kufanya kazi kwa Windows 10, mradi uchukue ya biti 64 kama Windows yako ni ya biti 64. Hiyo unaiona kwa Settings, System, About.

Faili ikikataa kujiinstoli ikisema Windows yako haitambuliki, bado hujashindwa. Faili za draiva za HP huitwa sp na nambari mbele yake, na ukiifungua kwanza hujimwaga ndani ya folda ya C:\SWSetup. Rudi kwa Device Manager, bonyeza kile kifaa chenye njano, chagua Update driver, halafu "Browse my computer for drivers", na umwonyeshe hiyo folda. Mlango wa mbele umefungwa, umeingilia wa nyuma, na ni halali kabisa.

Hatua ya 3: Soma kitambulisho cha kifaa

Kila kifaa kina ID yake, kama vile wewe una kipande. Kwa Device Manager, bonyeza "Unknown device" mara mbili, nenda Details, na pale kwa Property uchague Hardware Ids. Utaona kitu kama hiki:

PCI\VEN_8086&DEV_0085

Usiogope. VEN ni kampuni iliyotengeneza, DEV ni kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, na 0085 ni chipu ya waifai inayoitwa Centrino Advanced-N 6205, ambayo iko kwa ThinkPad na EliteBook nyingi za miaka hiyo. Yaani ile "Unknown" imeshapata jina.

Kampuni zingine utakazokutana nazo sana: 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10DE ni NVIDIA, na 1002 ni AMD.

Kuna majina pia yanayosumbua watu bure. "PCI Simple Communications Controller" kwa lapi ya Intel huwa ni Management Engine. "SM Bus Controller" inataka draiva ya chipseti. "Base System Device" mara nyingi ni kisoma kadi ya memori. "Network Controller" ndiyo waifai, na "Ethernet Controller" ni ile ya waya. Na kwa HP ukiona ACPI\HPQ0004, hiyo ni sensa inayolinda hadi disk lapi ikianguka. Ikikosa draiva, lapi yako itaendelea na maisha kama kawaida. Usilipe mtu doh kwa sababu ya hiyo.

Hatua ya 4: Ghala la Microsoft ambalo wengi hawalijui

Microsoft wana ghala la wazi linaloitwa Microsoft Update Catalog, kwa catalog.update.microsoft.com. Weka ile ID yako kwa kisanduku cha kutafuta, hadi pale DEV inapoishia. Ukipata draiva, shusha. Itakuja kama faili ya .cab. Ifungue na 7-Zip, ambayo ni ya bure, uimwage kwa folda. Ukiona faili ya .inf ndani, uko sawa. Rudi Device Manager na uionyeshe folda kama tulivyofanya pale juu.

Hatua ya 5: Kama ukurasa umeshafutwa

Kampuni zingine hutoa draiva za zamani kwa tovuti zao. Ukipata linki iliyokufa, ipeleke kwa Wayback Machine ya Internet Archive. Huko kuna nakala za kurasa za kitambo, na wakati mwingine hata faili yenyewe bado iko. Kwa HP, tafuta ukitumia ile nambari ya sp, sio jina la draiva.

Hapa ndipo watu huibiwa

Ukigoogle draiva, matokeo mengi ya juu ni tovuti zenye kitufe kikubwa cha kijani: DOWNLOAD NOW. Nyingi hazikupi draiva. Zinakupa programu ya "kusaka draiva", ambayo inakutisha kwamba una draiva 37 mbovu, kisha inaomba kadi ya benki. Hizo ni zile za upole. Zile noma zinaingiza virusi.

Na draiva sio programu ya kawaida. Inaingia ndani kabisa ya Windows, mahali ambapo antivairasi yenyewe inafanyia kazi. Ukifungulia mwizi mlango huo, anaweza kusoma kila unachoandika: neno la siri la barua pepe, la eCitizen, la benki. Ulikuwa unatafuta sauti ya kuskizia ngoma, umeuza account zako zote.

Kwa hivyo ukiambiwa uzime antivairasi kwanza, toka mbio. Ukiambiwa uzime ukaguzi wa sahihi za draiva, toka mbio pia. Na kabla ya kufungua faili yoyote ya .exe, ibonyeze kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kisha Digital Signatures. Uone jina la HP, Dell, Lenovo, Intel ama Realtek hapo. Kama hicho kipengele hakipo kabisa, achana nayo.

Kabla ya kuinstoli chochote, tengeneza pia restore point. Mambo yakiharibika unairudisha lapi ilivyokuwa jana. Na usiguse BIOS kama betri imekufa na stima ya mtaa huwa inaenda bila kuaga. Ikizimika katikati, hapo sasa bodi inaweza kuenda kweli.

Ikikataa zote

Kuna njia mbili. Ya kwanza, kama ni waifai peke yake, nunua kile kidude kidogo cha waifai cha kuchomeka kwa USB. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na lapi nyingine. Usirudi Windows 7 kwa sababu ya draiva moja, eti ndiyo ilikuwa inakubali. Haijapata viraka vya usalama kwa miaka, na sio mahali pa kufungulia benki.

Ya pili ni Linux Mint. Kwa Linux, draiva nyingi huja ndani ya mfumo wenyewe, na lapi za miaka hiyo huwa zinaelewana nayo vizuri. Raha yake ni kwamba unaijaribu kabla ya kufuta chochote: iweke kwa fleshi ya GB 8 ukitumia Rufus, washa lapi kupitia hiyo fleshi, uone kama waifai na sauti ziko. Waifai za Broadcom zinaweza kuhitaji uingie kwa Driver Manager ya Mint uziwashe. Visoma alama za vidole vingine hukataa kabisa. Na kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, fikiria mara mbili.

Ikikubali, una mfumo ambao bado unapata masasisho ya usalama, kwa mashine ambayo ulikuwa umeambiwa ni ya kutoa spea.

Kabla fundi afute, fanya hivi

Kama lapi yako inafanya kazi saa hii na unataka kupigiwa Windows upya, usimpatie fundi hivi hivi. Chomeka fleshi, utengeneze folda inayoitwa draiva, fungua Command Prompt kama administrator, uandike:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Badilisha D iwe herufi ya fleshi yako. Amri hii inanakili draiva zote ulizoongezea lapi, kwa Windows 8.1 kwenda juu. Baada ya Windows mpya, zionyeshe Device Manager tu, na hutahitaji kuzunguka kwa tovuti za watu.

Hiyo fleshi iweke mahali salama, mbali na movie. Na kama kuna beshte yako ameshaanza kupiga picha lapi yake "isiyo na sauti" aiuze bei ya jioni, mwambie aangalie Device Manager kwanza.