Haki ya Njia Katika Miji Yetu

Mji hukua kwa njia kabla ya kukua kwa nyumba. Pale njia zinapotangulia, watu hukaa kwa raha. Pale kuta zinapotangulia, wajukuu hulipa deni.

Tutazame Dar es Salaam. Kariakoo ilipimwa, njia zake zikanyooka na kukatana. Mtu akikuta moja imezibwa, hupita ya pili. Lakini mji umerefuka kufuata barabara kuu nne, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu (ambayo sasa ni ya Nyerere) na ya Kilwa, mfano wa vidole vya mkono. Mwaka 1967 wakazi wa mji walikuwa kiasi cha 273,000. Mwaka 2022 mkoa mzima ulihesabiwa watu 5,383,728. Wengi wamejenga katika mashamba yaliyokatwa vipande kabla ya mpimaji kufika.

Hapo ndipo madhara huzaliwa. Mnunuzi wa kwanza huacha ujia wa kumtosha yeye. Wa pili husogeza ukuta hatua moja. Wa tatu hujenga choo mwisho wa ujia. Vichochoro huwa vingi, lakini haviungani. Anayetaka kumzuru nduguye wa kidole cha pili hushuka kwanza mpaka kiganjani, kisha apande tena. Nyumba ikiungua, gari la zimamoto husimama mbali. Mama mwenye uchungu hubebwa mikononi usiku. Hata jeneza hukwama penye kona.

Uislamu haukulinyamazia jambo hili. Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi, amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alihukumu kuwa watu wakihitilafiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba, yaani zaidi ya mita tatu. Na mji wa Kufa ulipoasisiwa katika ukhalifa wa Sayyidna Omar, mwanahistoria Tabari asimulia kuwa njia kuu zilipewa dhiraa 40, zilizofuata 30, za baina yake 20, na vichochoro 7.

Huenda mtu akasema: "Kiwanja ni changu, nimekinunua kwa jasho langu." Ni kweli. Lakini dhiraa anayoibana leo ndiyo atakayoihitaji kesho mwanawe akiugua. Na kuipanua njia baada ya nyumba kusimama hakuwezekani ila kwa kubomoa, kwa fidia na kwa machozi.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kulipa fedha ya kiwanja, kaeni na majirani pamoja na serikali ya mtaa. Hakikisheni njia inatokea pande mbili, ikiungana na njia ya mtaa wa pili. Pigeni vigingi, mwandike, mtie saini mbele ya mashahidi. Nanyi vijana mliosoma upimaji, huu ni uwanja wenu wa kuwatumikia wazee.

Kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi kutouweka ni bora zaidi. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.