Pesa ya Simu: Hela Inayofika Bila Kubebwa

Pesa ya simu ni fedha inayotunzwa kwa namba ya simu ya mwenyewe, naye anaweza kuiweka, kuituma au kuitoa bila kufungua akaunti benki. Huduma iliyoieneza Afrika Mashariki ni M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008.

Haikubuniwa kwa ajili ya kutumiana hela. Majaribio yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yalilenga kuwarahisishia wakopaji wadogo kulipa marejesho yao. Wakopaji wenyewe ndio walioigeuza: walitumiana pesa, wakalipana madeni ya biashara, wengine wakaweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikokwenda ili wasiibiwe njiani. Wabunifu waliliona hilo, na huduma ilipozinduliwa ujumbe wake ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kabla ya hapo, aliyekuwa mjini alimkabidhi dereva wa basi bahasha ya pesa, akakaa roho juu hadi asikie imefika.

Utendaji wake unaonekana vizuri kibandani kwa wakala. Mteja anatoa noti za shilingi 20,000 na kutaja namba yake. Wakala anabonyeza simu yake, anaingiza namba yake mwenyewe ya siri. Floti yake, yaani salio la pesa ya simu analofanyia kazi, inapungua kwa 20,000, salio la mteja linaongezeka kwa kiasi kilekile, na meseji inaingia kwenye simu zote mbili. Kilichobadilika ni hesabu katika mitambo ya kampuni. Fedha halisi za wateja hukaa benki katika akaunti ya amana, mbali na mali ya kampuni. Kazi ngumu ya wakala ni kusawazisha: wakija wawekaji wengi, droo inajaa noti na floti inakwisha, wakija watoaji wengi, floti inajaa na droo inabaki tupu.

Huduma hii ilienea haraka kwa sababu haikudai simu janja wala intaneti. Kitochi kinatosha.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2016, watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria kuwa M-Pesa iliziondoa katika umaskini kaya 194,000 za Kenya, yaani asilimia 2 ya kaya zote, na kwamba wanawake 185,000 waliacha kutegemea kilimo na kuingia katika biashara. Kaya iliyopatwa na ugonjwa au ukame ilipata msaada wa ndugu wa mbali siku hiyohiyo. Juu ya msingi huo zimejengwa huduma nyingine: lipa namba madukani, mikopo midogo, na taa za sola zinazolipiwa kidogo kidogo, ambazo hujizima malipo yakichelewa.

Faida hizo zina gharama. Makato humuumiza zaidi anayetuma kidogo kidogo; Tanzania ilipoanza kutoza tozo ya miamala Julai 2021, wananchi walilalamika sana, na baada ya muda mfupi ikapunguzwa kwa asilimia 30. Matapeli nao hutuma meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", wakimvizia mwenye deni au ada ya mtoto. Kinga ni rahisi: kabla ya kutuma, mpigie unayemfahamu kwa namba yake ya zamani, na namba ya siri asipewe yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu.