RUHUSA YA SIKU MOJA: ASKARI NA JAMAA YAKE WAIONE NCHI

Askari aliyekaa kazini miaka mitano au sita huwa ameizunguka Uganda kuliko raia wengi. Amelinda madaraja, amelala misituni, amepanda vilima vya mpakani na kuvuka mito ambayo majina yake hayamo katika vitabu vya shule. Lakini mke wake na watoto wake, wakaao naye katika nyumba za kambi, mara nyingi hawajui zaidi ya uwanja wa gwaride, zahanati, bomba la maji na duka la karibu. Mtoto aliyezaliwa kambini Kampala aweza kufikia umri wa miaka minane akiijua vyema sauti ya tarumbeta ya alfajiri, na asiijue sura ya Mto Nili, ambao uko umbali wa kilometa 80 hivi kutoka mlangoni pao.

Makala haya yamekusudiwa kwa askari kijana, awe wa jeshi au wa polisi, mwenye mke na watoto wadogo na mshahara usio na ziada kubwa. Aghalabu yeye hudhani kwamba matembezi ni mambo ya watalii na matajiri. Yafaa akumbuke kwamba mtalii hulipa nauli ya ndege kuja kuyatazama yale ambayo sisi twayapita tukiwa tumesinzia ndani ya lori. Asiye na gari naye asikate tamaa. Jamaa tatu au nne zikichangiana fedha za mafuta na za kukodi taksi ya viti 14, mzigo wa kila nyumba huwa mwepesi, hasa shauri hilo likipangwa mwezi mmoja kabla. Chakula kipikwe nyumbani, chai itiwe katika chupa, na safari ianze mapema.

NJIA YA ENTEBBE

Wenye mtoto anyonyaye waanze na Entebbe, kwani safari ni fupi, kilometa 40 hivi. Kuna barabara ya zamani ipitayo Kajjansi, na kuna barabara mpya ya mwendo wa kasi iliyofunguliwa mwaka 2018, ambayo tangu Januari 2022 hutozwa ada. Mwisho wa safari ni Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, yenye miti mikubwa iteremkayo hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Hapo watoto hukimbia majanini bila ya mama yao kuhofia magari, na juu yao mbega warukaruka matawini.

Mbali kidogo na hapo kuna kituo cha wanyama. Kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa, na tangu mwaka 1994 kimekuwa mahali pa kuwaelimisha watu juu ya wanyama wa porini. Mtoto ataona simba na sokwe, na ataona pia korongo taji, ndege yule yule aliyesimama kwa mguu mmoja katikati ya bendera ambayo baba yake huipigia saluti.

NJIA YA JINJA

Njia hii ndiyo yenye mambo mengi kuliko zote. Baada ya mji wa Mukono kuna njia ya kando iendayo kwenye maporomoko ya Mto Sezibwa, ambapo maji huanguka katikati ya miamba na miti. Waganda wa kale husimulia kwamba mto huo haukutoka katika chemchemi, bali ulizaliwa na mwanamke aliyekuwa akitarajia mapacha. Mpaka leo wapo waendao hapo kwa ibada za mila, kwa hiyo mgeni aingie kwa adabu, aulize penye ruhusa ya kupita, na asiguse vitu vilivyowekwa miambani.

Katika njia hiyo pia kuna Namawojjolo, soko la kando ya barabara ambapo wachuuzi huyakimbilia magari wakiwa na kuku wa kuchoma na ndizi ziitwazo gonja. Kisha huja mashamba ya miwa ya Lugazi, na baada yake barabara hutumbukia katika Msitu wa Mabira. Hewa hugeuka ghafla ikawa baridi. Msitu huo una kilometa za mraba 300 hivi, na aina za ndege waliohesabiwa humo ni zaidi ya 300. Mwaka 2007 palikuwa na shauri la kuikata robo yake ili kupanda miwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo watu waliandamana Kampala kulipinga, fujo zikazuka, na baadhi ya watu wakapoteza maisha. Msitu haukukatwa. Mzazi anapowaonyesha watoto miti ile, awaeleze pia kwamba haikusalia yenyewe tu.

Mwisho wa njia ni Jinja. Hapo ndipo Mzungu John Hanning Speke alipofika tarehe 28 Julai 1862 na kuandika kwamba amekiona chanzo cha Nili, ingawa wavuvi wa Busoga na Buganda walikuwa wakiyatumia maji hayo tangu enzi za mababu. Maporomoko aliyoyaona Speke leo hayapo. Yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na ndilo lililoipatia nchi umeme kwa miaka mingi. Maporomoko ya Bujagali nayo yalizama baadaye kwa sababu kama hiyo. Taa ya nyumbani na mandhari ya mto vimetoka katika kapu moja, na si vibaya mtoto akajua mapema kwamba kila neema ina bei yake. Daraja jipya la kamba za chuma, lenye urefu wa meta 525, lilifunguliwa Oktoba 2018. Litazameni mkiwa mwendoni, wala msisimamishe gari juu yake.

NJIA YA MASAKA

Magharibi ya Kampala kuna Mpambire, karibu na Mpigi, kijiji cha mafundi wa ngoma. Hapo mtoto huona gogo likichongwa, ngozi ikiwambwa na kamba zikikazwa, kisha hupewa nafasi ya kupiga. Kilometa zipatazo 70 kutoka Kampala ni Kayabwe, mahali ambapo barabara hukata mstari wa ikweta. Pana duara mbili nyeupe za saruji, na kila mpita njia hupiga picha akiwa na mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Wapo vijana wanaoonyesha maji yakizunguka katika beseni upande huu na upande ule. Ni mchezo wa kufurahisha, nao hupata riziki yao, lakini mtoto wa shule aambiwe kweli: katika chombo kidogo namna hiyo maji huufuata mkono wa mmiminaji. Ajabu ya kweli ya mahali hapo iko angani. Mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, jua la adhuhuri husimama juu ya utosi, na kivuli cha mtu hujificha chini ya miguu yake.

Kutoka hapo barabara huteremka katika mafunjo ya Mto Katonga na kufika Lukaya, mji uliosifika kwa nyama za kuchoma. Mpiganaji hatapita Lukaya bila kukumbuka mapigano ya tarehe 10 na 11 Machi 1979, yaliyosaidia kuamua mwisho wa vita vile. Mto wenyewe nao una nguvu zake. Mei 2023 mafuriko yaliiharibu barabara penye daraja la Katonga, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Kwa hiyo ulizeni habari za njia kabla ya kuondoka.

NJIA YA BOMBO

Njia hii ni ndefu, nayo yafaa watoto waliokwisha kuwa wakubwa kidogo. Hupita Bombo na Luweero, nchi iliyoumia sana katika vita vya 1981 hadi 1986, na hufika hifadhi ya vifaru ya Ziwa, wilayani Nakasongola, kilometa 175 hivi kutoka Kampala. Vifaru wa porini walikwisha Uganda mwaka 1983, kwa sababu katika miaka ya vita bunduki zilikuwa nyingi na pembe zilikuwa na soko. Mwaka 2005 wakaanza kuletwa wengine, wanne kutoka Kenya na wawili kutoka Marekani. Mwaka 2009 alizaliwa ndama wa kwanza, na kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, akapewa jina la Obama. Vifaru hao hulindwa na askari wa wanyamapori usiku na mchana. Mtu aliyepata kushika zamu ya usiku wa manane atawaelewa walinzi hao pasipo kuelezwa.

MWENYE USUKANI

Uzuri wote huo hauna maana ikiwa jamaa haitarudi salama. Kwa taarifa ya Polisi, mwaka 2023 peke yake watu 4,806 walikufa katika ajali za barabarani nchini. Idadi hiyo yapita ya vikosi kadhaa vya jeshi vikiwekwa pamoja, na hakuna adui aliyefyatua risasi. Njia za Masaka na Jinja tulizozisifu ni miongoni mwa zile zilizotajwa mara nyingi kwa misiba.

Basi yashikeni haya. Breki, tairi na taa zikaguliwe siku ya kutangulia, na tairi la akiba liwe na upepo. Mwenye kuendesha asionje pombe hata tone. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Baba, mama na watoto wawili wasipandane juu ya pikipiki moja kwenda safari ya mbali. Msilipite lori penye kona au mlimani, na muwe mmerudi nyumbani kabla ya giza, kwani usiku malori mabovu huachwa njiani bila taa wala alama. Bunduki ibaki katika ghala ya silaha na sare ibaki nyumbani. Siku hiyo baba ni raia kama raia wengine, naye ajitayarishe kusimamishwa na kukaguliwa kama wao.

KIZUIZI CHA BARABARANI

Hapa ndipo safari ya jamaa inapokutana na kazi yetu. Wazee wa Kampala wanayakumbuka maneno mawili ya Kiswahili: panda gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajeshi walizingira mitaa na kuwaamuru watu kupanda malori, na wengi waliopanda hawakuonekana tena. Katika miaka hiyo na ile ya 1970 kizuizi cha barabarani kilikuwa mahali ambapo mtu alipoteza saa yake, fedha zake, na mara nyingine maisha yake. Mwenye akili hakumtoa mkewe nje siku ya Jumapili kutazama mandhari. Wako wazee ambao hadi leo wakisikia Kiswahili kikali barabarani mioyo yao hushtuka, na hatuwezi kuwalaumu.

Leo baba anaweza kuwaambia watoto wake maneno yale yale, pandeni gari, nao wakashangilia. Kama yatabaki maneno ya furaha, yategemea sana jinsi anavyotendewa yule baba saa mbili baadaye, anapofika penye kizuizi. Askari akimwamkia, akamwita mzee au ssebo na mkewe mama au nnyabo, akatazama leseni, akaeleza kosa kama lipo na kumwachia aende bila kudai kitu mkononi, watoto waliomo nyuma huona na kuhifadhi. Akibwata na kunyoosha kiganja, hilo nalo huhifadhiwa, na chuki ya miaka arobaini hupata mwaka mwingine wa kuishi.

Kwa hiyo, ndugu askari, utakapopata pasi ya ruhusa mwezi ujao, chagua njia moja kati ya hizi nne na uwachukue mama watoto na wanao. Na utakaporudi zamuni na kupangwa barabarani, kila gari litakalokujia lenye watoto wamekunja shingo dirishani, likague kama ambavyo ungependa la kwako likaguliwe.