Hesabu za Mvua na Fedha

Mkulima wa mahindi wilayani Kilosa huishi kati ya hofu mbili. Mwaka mmoja masika huadimika, mahindi yakanyauka kabla ya kubeba. Mwaka mwingine mto Mkondoa hufurika, kama ulivyofurika Desemba 2009 na Januari 2010, ukabomoa nyumba na kuharibu Reli ya Kati. Je, hasara ya namna hii yaweza kupimwa kabla haijatokea? Swali hilo limo katika kiini cha uhandisi wa fedha, yaani elimu ya kutumia hisabati, takwimu na kompyuta ili kupima hatari na kubuni mikataba ya kuigawa.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba kumbukumbu za kipimamvua zaonyesha masika kuwa chini ya kiwango fulani mara 1 katika kila miaka 5. Kampuni ya bima yaahidi kumlipa mkulima shilingi 500,000 kila kiwango hicho kisipofikiwa, bila kwenda kukagua shamba. Wastani wa malipo kwa mwaka ni 500,000 × 1/5, yaani shilingi 100,000. Ada haina budi kuzidi kiasi hicho, kwani kampuni ina gharama zake, tena yapasa iweke akiba kwa ajili ya miaka mibaya inayofuatana.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Uzito umo kwingine. Kipimamvua cha Kilosa mjini hakijui yanayotokea Mikumi, umbali wa kilomita 60 hivi kuelekea kusini. Mvua yaweza kunyesha mjini ilhali shamba la Mikumi limekauka. Mkulima aliyelipa ada hapati kitu, na imani yake katika bima hufa. Kupunguza tofauti hiyo, kwa kuongeza vipimamvua au kutumia picha za satelaiti, ndiyo kazi ya mtaalamu.

Misingi ya elimu hii si mipya. Mwaka 1900, mjini Paris, Louis Bachelier alieleza mabadiliko ya bei katika soko la mitaji kwa nadharia ya uwezekano. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walitoa mlinganyo wa kukadiria thamani ya haki ya kununua hisa kwa bei iliyokubaliwa mapema. Lakini msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulifundisha kwamba mlinganyo uliojengwa juu ya dhana dhaifu huwaangamiza wengi.

Mwanafunzi anayeitamani kazi hii ashike hisabati tangu sekondari. Kisha asome shahada ya kwanza ya hisabati, takwimu au hesabu za bima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha hufundisha hesabu za bima. Katika shahada ya uzamili atakutana na kalkulasi ya mambo ya kubahatisha, takwimu za juu na uandishi wa programu za kompyuta.

Ajira zimo katika bima, benki, mifuko ya pensheni na soko la hisa, ambalo Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba soko hilo ni dogo, na cheti peke yake hakimwajiri mtu. Atakayefanikiwa ni yule ajuaye mlinganyo na pia ajuaye jinsi mahindi yanavyokauka Mikumi.